Kifungu cha Posy

Muswada ulikuwa na vifungu viwili tu. Cha kwanza kilitaka mtoto yeyote aliye mikononi mwa jimbo, akihamishwa kutoka nyumba ya walezi hawa kwenda ya wale, apewe begi la maana, asifungiwe nguo zake kwenye mfuko wa taka. Cha pili kilitaka ndugu waliotenganishwa wakutanishwe angalau mara moja kwa mwezi, na jimbo ligharamie safari. Dalton Kovarik, kijana wa miaka kumi na sita mwenye historia ndefu ya utovu wa nidhamu, aliitwa mbele ya kamati ya bunge la jimbo kukitetea hicho cha pili. Yeye alikiita kifungu cha Posy.

Posy alikuwa mdogo wake, mwenye miaka tisa. Alilelewa na familia ya wafuga nguruwe kule mwisho wa jimbo upande wa magharibi, mahali ambapo gari la afisa ustawi wa jamii lilifika likikumbuka. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, na sasa theluji ilikuwa inayeyuka. Walibaki na simu ya Jumapili.

"Nikimaliza kuongea na hao wazee," Dalton alikuwa amemwambia, "utaniona mpaka unichoke."

"Nishakuchoka zamani," Posy alijibu. "Wewe njoo tu."

Mlezi wa Dalton, Mama Loomis, ndiye aliyempeleka mji mkuu kwa gari lake la mizigo. Njia nzima kulikuwa na mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na yeye alikuwa na neno moja tu la kusema.

"Usilete mzaha wako kule ndani, Dalton."

"Mama Loomis! Mimi na mzaha wapi na wapi?"

"Nani aliyeivisha sidiria yangu sanamu ya mwanzilishi wa shule?"

"Uchunguzi wa jambo hilo bado unaendelea," alisema Dalton kwa huzuni kubwa.

Kila shahidi alipewa dakika tatu. Mezani palikuwa na taa: ya kijani maana yake sema, ya njano maana yake malizia, nyekundu maana yake nyamaza, na ilitiiwa kuliko Amri Kumi. Aliyemtangulia Dalton alikuwa profesa mwenye takwimu, na alipomaliza, Waheshimiwa walikuwa wamekaa kama abiria wa basi lililoharibika. Mmoja alikuwa anakula karanga. Mwenyekiti, Mheshimiwa Ballew, alikuwa amefumba macho, bila shaka kwa ajili ya kutafakari.

Dalton aliketi. Sentensi yake ya kwanza aliijua kwa moyo: *Mdogo wangu anaitwa Posy.* Akafungua mdomo, na kitu kikampanda kooni. Kitu hicho alikifahamu. Aliwahi kulia mbele ya watu wa serikali, siku ile yeye na Posy walipopakiwa kwenye magari mawili tofauti, na kulia huko hakukumsaidia kitu. Hapa kulikuwa na kamera pia. Akaona aanze na mifuko kwanza, apate pumzi.

"Waheshimiwa," alisema, "nyumba ya kwanza niliyopelekwa, nilifika Jumatano jioni na mfuko wangu mweusi. Nikauacha mlangoni kwa adabu zote. Alhamisi ni siku ya lori la taka."

Mla karanga akainua kichwa.

"Nililikimbiza lile lori mitaa minne, nimevaa bukta. Dereva akaniuliza, 'Kijana, una hakika hii si taka?' Nikamwambia, 'Mzee, fungua uone.' Akafungua. Akachungulia. Akasema, 'Bado nauliza.'"

Chumba kikapasuka. Mla karanga alipaliwa, jirani yake akawa anampiga mgongoni. Mwenyekiti alirejea kutoka katika tafakari zake. Dalton akasikia joto likimwenea mwilini, na kile kitu cha kooni kikashuka chenyewe. Basi akawapa kisa cha paka wa jirani aliyezalia ndani ya mfuko, juu ya suruali zake zote mbili. Taa ikageuka njano. Aliiona. *Sasa Posy,* alijiambia. Lakini walikuwa wanacheka bado, na nani anawakatiza watu wanaocheka? Akaongeza kimoja. Taa ikawa nyekundu.

"Muda umekwisha, kijana," alisema Mheshimiwa Ballew akijifuta macho, "na nasikitika kukuambia hivyo. Shahidi mwingine sijawahi kumsikitikia."

Hapo Mheshimiwa Haase, mama mwenye mvi aliyeuandika muswada wenyewe, akanyoosha mkono. Swali la mjumbe halikuwa na taa. Ukiulizwa, unajibu mpaka uridhike. Alimtazama Dalton kwa upole.

"Dalton, je, una ndugu?"

Swali hilo lilikuwa mlango uliofunguliwa wote, na mama wa watu akausimamia. Chumba kilitulia kikimngoja. Kile kitu kikaanza tena kupanda kooni.

"Ninaye, Mheshimiwa," alisema Dalton upesi. "Wa kike. Ana miaka tisa, na anang'ata."

Walicheka kuliko mwanzo. Mheshimiwa Haase peke yake hakucheka. Alingoja kidogo, kisha akasema, "Asante. Sina swali lingine."

Kwenye mkahawa wa bunge watu walipanga foleni kumpa mkono, mchuzi wake wa maharage ukapoa, na mkate wake wa mdalasini akaula Mama Loomis. Mheshimiwa Haase alimkuta koridoni.

"Umewafurahisha sana."

"Si ndiyo vizuri?"

"Kwa mifuko, vizuri mno," alisema, akamshika bega, akaenda zake.

Jioni hiyo taarifa ya habari ilimwonyesha kuanzia lori mpaka kung'ata. Wiki zilizofuata jimbo zima liliongea habari ya mifuko. Kifungu cha pili kilipofika kwa watu wa bajeti, waliuliza nani alikizungumzia, na ikaonekana ni profesa peke yake, ambaye hakuna aliyekumbuka alichosema. Wakakifuta. Muswada ukapita bila hata kura moja ya kupinga, gavana akautia saini, Dalton kasimama nyuma yake amefungwa tai, akipigiwa makofi.

Jumapili iliyofuata simu ililia jikoni kwa Mama Loomis.

"Hatimaye tumeiona video!" alisema Posy. "Wote. Hata baba wa hapa alicheka, na huyu hachekagi. Yaani ukasema nang'ata!"

"Kwani hung'ati?"

"Mara moja tu! Na yule daktari wa meno ndiye alinianza." Alicheka mwenyewe, kisha sauti yake ikapungua. "Halafu inaishia hapo. Watu wa TV walikata, eh? Pale ulipoanza kuwaambia habari ya kuja kwako."

Video ilikuwa nzima. Haikukatwa mahali popote. Dalton alitazama sinki, akatafuta neno la kuchekesha, na kwa mara ya kwanza maishani hakulipata.

"Ndiyo," alisema. "Walikata."

"Washenzi!" Posy aliwashukia watu wa TV kwa matusi aliyojifunza kwa wafuga nguruwe, moja baada ya jingine, yote kwa kumtetea kaka yake, na Dalton akashika simu akimsikiliza mpaka alipochoka.

"Rudi tena kwa yule mama aliyekuuliza," alisema mwishowe, akihema. "Ila safari hii anza na mimi. Mifuko baadaye."

"Sawa," alisema Dalton.

Ulikuwa mwezi wa tano. Bunge lilikuwa limefungwa juzi, na halingekaa tena mpaka mwakani.