Mstari wa Nne

Mguu wa kushoto wa Mzee Hiza ulilazwa juu ya kiti cha plastiki, umefunikwa kitenge, na kila aliyeingia sebuleni alijizoeza kupita kando yake bila kuutazama. Kitenge kilibadilishwa kila asubuhi. Harufu haikubadilika. Binti yake, Dorkasi, alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha harufu ile inaitwaje. Kwa sababu hiyo hiyo hakuitaja.

Alikuwa amemtoa kijijini Kwamsisi wiki iliyopita. Walianza na bodaboda, baba amebanwa katikati kama gunia linaloweza kumwagika, kisha wakachukua gari la kukodi kupita Handeni hadi nyumbani kwake Masuguru, mjini Korogwe. Sukari ilikuwa imemla mzee kwa subira, kama mchwa alavyo nguzo huku ukuta bado umesimama. Jumatatu, hospitalini, daktari aliukagua mguu, akamwita Dorkasi ukumbini, na wawili hao wakazungumza kwa lugha ya vipimo, kama wazungumzavyo watu wa kazi moja. Dorkasi aliporudi chumbani alimwambia baba yake, "Daktari anasema mguu ukatwe chini ya goti. Ijumaa kuna nafasi."

Mzee Hiza alitazama dari. "Nimesikia, mama," alisema. Alimwita mama kwa kuwa Dorkasi alibeba jina la bibi yake, mamaye mzee, na pia kwa kuwa neno hilo lilimsaidia kufunga mazungumzo kwa adabu.

Sasa ilikuwa Jumatano, na bila ridhaa yake hakuna ambaye angemgusa. Dorkasi alimuuliza wakati wa chai na wakati wa dawa. Mara aliingilia kwa habari za wajukuu, mara kwa habari za jirani mwenye mguu wa bandia ambaye bado anakwenda sokoni mwenyewe, mara kwa vitisho. Alipanga maneno upya kila mara, kama mtu anayejaribu funguo tofauti kwenye kufuli moja. Jibu lilikuwa lile lile. Nimesikia, mama.

Mdogo wake, Gregori, alipiga simu kutoka Handeni.

"Dada, mzee amekubali?"

"Bado."

"Mwambie ukweli, kwamba atakufa."

"Nimemwambia."

"Basi mwambie tena. Wewe ndiye msomi, sisi wote tumekuachia wewe."

"Njoo umwambie wewe, Gregori. Korogwe si mbali."

"Mimi? Nikifungua mdomo tu ataniuliza mara ya mwisho kwenda kanisani ilikuwa lini. Nitarudi Handeni nimetubu, na mguu uko pale pale."

Gregori alicheka peke yake, kisha akaaga. Dorkasi aliweka simu mezani, uso chini. Alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauugusi, uchovu wa mtu anayejua jibu sahihi na kulazimika kungoja ruhusa ya kulitumia.

Kwa uchovu wa namna hiyo alikuwa na mahali pa kwenda. Palikuwa ndani ya gemu la kompyuta. Gemu lenyewe lilikuwa na jina la kigeni, lakini wachezaji wa Kitanzania waliliita Kiza Kirefu. Ndani yake mchezaji ni nahodha wa chombo cha angani kinachowabeba watu wa mwisho wa sayari iliyokauka. Risasi ni chache. Kazi kubwa ni kuzungumza na kuchagua. Kila unapozungumza na mtu, kioo kinakuorodheshea unayoweza kusema au kutenda, na lolote utakalochagua, chombo hakilisahau. Katika kundi la simu la wachezaji, kuanzia Tanga hadi Mwanza, Dorkasi ndiye aliyeulizwa. Kijana mmoja, Rehani, alijiunga akiwa hajui hata kufungua mlango wa kwanza, na wiki hiyo hiyo akamwandikia, "Dada, nimekwama, nimuokoe nani?" Dorkasi aliona ni heri awaandikie wageni wote maelekezo mara moja kuliko kumjibu kila mmoja.

"Usikimbilie silaha," aliandika. "Zungumza na kila mtu kabla mlango wa kwanza haujafungwa, hata na mpishi, kwa kuwa mpishi ndiye anayejua maji yamebaki kiasi gani. Usimshushe mwenzako njiani kwa sababu anakukera. Anayekukera atakwambia kwamba hewa inavuja, wakati wanaokupenda bado wanakusifu. Hifadhi mchezo kabla ya kila uamuzi, ili ukikosea urudi. Na ukifika kituo cha barafu, usimuulize Oruna lolote. Mchukue, ondoka."

Ushauri huo wa mwisho ndio uliosambaa zaidi. Oruna ni mama mzee, fundi wa injini, amebanwa na chuma katika kituo ambacho hewa inakwisha. Ukimbeba kwa nguvu atakuchukia, lakini ataishi, na mwishoni ni yeye atakayeifufua injini. Ukimuuliza anataka nini, anaomba aachwe. Mara ya kwanza Dorkasi alimuuliza, akamtii, na chombo chake kikafia njiani pamoja na watu wote. Alirudi nyuma, akacheza upya, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena. Hakuona hapo suala la huruma wala ukatili. Njia moja ilifika, nyingine haikufika.

Alasiri hiyo hakuwa na zamu. Alivuta pazia kwa sababu jua lilipiga kwenye kioo, akawasha kompyuta. Baba yake alikuwa amelitazama gemu hilo kwa siku mbili kama mtu anayetazama ugomvi wa majirani, akijifanya hasikilizi.

"Hiyo sinema inayouliza maswali," alisema hatimaye, "na mimi inaweza kuniuliza?"

Dorkasi alimpa pedi ya kuchezea, akamwonyesha kidole gumba kikae wapi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, ambacho mzee hakukijua, kwa hiyo ilibidi amsomee kila chaguo kwa Kiswahili, naye achague.

"Huyu wa bati ni nani?"

"Ni roboti, baba. Analinda mlango."

"Mbona ameanza na shida yake moja kwa moja? Huko hawasalimiani?"

"Wana haraka."

"Ndiyo maana hewa inawaishia."

Alikuwa mgeni asiyefundishika. Alikaa na mpishi muda ambao Dorkasi angemaliza sura nzima. Alitaka kujua roboti ni wa ukoo gani, na alipoambiwa ametengenezwa kiwandani alisikitika, akasema si kosa lake. Alikataa kuchukua betri iliyoachwa mezani, kwa kuwa mwenye nayo angeweza kurudi. Dorkasi alipomwambia ahifadhi mchezo, aliuliza maana yake.

"Ukikosea, unarudi ulipokuwa, unachagua upya."

"Na wale uliowakosea?"

"Wanasahau. Kwao haikutokea."

"Kumbe hili gemu ni la wanasiasa."

Dorkasi alicheka. Alistuka kidogo kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka katika chumba kile. Kwa muda walikuwa watu wawili tu wenye jambo la kufanya, na mguu ulikuwa mguu wa mtu mwingine.

Wakafika kituo cha barafu. Oruna alilala chini ya nguzo ya chuma, nywele zake nyeupe zimeganda, na pembeni mwa kioo mstari wa buluu ulionyesha hewa iliyobaki. Dorkasi alisoma kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia siku zote kusoma majibu ya vipimo.

"Mama fundi amebanwa. Unaweza kumbeba kwa nguvu. Unaweza kumtuma roboti ambebe. Au funga mlango, ondoka."

Mzee Hiza hakubonyeza. Aliinama mbele akakitazama kioo kwa karibu, maumivu yakampanda, akasubiri yashuke.

"Mistari ni minne," alisema.

"Wa nne hauna maana, baba."

"Kizungu sijui. Kuhesabu hadi nne najua. Unasemaje?"

"Unasema, muulize mwenyewe anataka nini."

"Kwa nini ukauruka?"

"Kwa sababu jibu lake nalijua. Atasema aachwe. Ukimwacha, mbele huko injini itakufa na wote watakufa nayo. Nimeshacheza, nimeona. Mpaka nimewaandikia watu wasiuguse."

"Umewaandikia wasimuulize."

"Ndiyo."

"Wakakusikia?"

"Wengi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, bila dhihaka, kama mtu aliyeonyeshwa mpaka wa shamba. Kisha akabonyeza pedi kwenda chini, taratibu, mstari kwa mstari, hadi wa mwisho.

Oruna alifungua macho na kuanza kusema. Dorkasi alitafsiri, na safari hii hakuacha neno. "Anasema alikuja hapa kabla kituo hakijawekwa taa. Anasema ameshatengeneza injini nyingi za kuwapeleka watu wengine mbali. Anasema, niache hapa. Lakini usiondoke sasa hivi. Kaa nami kidogo."

"Hiyo ya kukaa ipo kwenye mistari?"

"Haipo. Inabidi usibonyeze kitu."

Mzee Hiza aliweka pedi mapajani. Wakakaa. Upepo wa kubuniwa ulivuma ndani ya spika, na nje, ule wa kweli ulilisukuma pazia na kulirudisha. Dorkasi alijua kwamba hawapati faida yoyote hapo. Hakuna kilichofichwa mwishoni mwa subira ile, wala hakuna tuzo. Aliwahi kusoma hivyo katika maelezo ya watengenezaji wa gemu, ndiyo sababu hakuwahi kukaa.

"Jumatatu," alisema baba yake, macho bado kwenye kioo, "wewe na daktari mlisimama ukumbini kitambo. Nikawaona kupitia mlangoni. Yeye ananyoosha vidole, anakunja, ananyoosha tena. Ukarudi kwangu na mstari mmoja."

Dorkasi aliutazama mstari wa buluu ukipungua.

"Alikusomea mingapi?"

Angeweza kusema kwamba mingine haikuwa na maana. Maneno hayo yalikuwa tayari kinywani, na aliyatambua. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kupeleka jibu nusu. Hata sampuli ilipokuwa mbaya, hata alipojua mgonjwa atalia, karatasi ilitoka na kila kilichoonekana kwenye darubini, kwa kuwa jibu nusu ni uongo wenye muhuri. Mwenyewe aliwafundisha hivyo wanafunzi wa mazoezi.

"Mitatu," alisema.

"Basi."

Mzee alisema basi, hakuuliza kwa nini, na jambo hilo lilimchosha Dorkasi zaidi kuliko lawama. Angelaumiwa angejitetea, na utetezi alikuwa nao mwingi. Alikuwa na vipimo vya sukari na vya damu. Alikuwa amewaona waliosubiri. Alikuwa pia ameiona nyumba ya Kwamsisi, na michungwa ambayo mzee aliipanda mwaka aliozaliwa Gregori, na nyuma ya michungwa hiyo kaburi la mama yao, lililofagiliwa kila Jumamosi na mtu mwenye kidonda mguuni. Alijua baba yake angejibu nini. Kwa hiyo hakumuuliza. Siku zote tatu alikuwa amemwomba akubali, kwa maneno tofauti, na huko ndiko alikoita kuuliza.

Akamweleza. Alimwambia kwamba mguu unaweza kukatwa chini ya goti Ijumaa, na kwamba wengi wa hali yake hupona kidonda wakatembea kwa mguu wa bandia, ingawa si wote. Alimwambia kwamba vidole vinaweza kukatwa peke yake, nyama iliyooza ikasafishwa, naye akalala wodini kwa wiki nyingi. Huenda unyayo ukabaki, lakini inawezekana zaidi arudishwe chumba cha upasuaji kukatwa juu zaidi, akiwa na nguvu kidogo kuliko alizonazo leo.

"Na wa tatu?"

"Wa tatu ni kutokukata. Urudi Kwamsisi na dawa za maumivu. Muuguzi aje kusafisha kidonda."

"Hadi lini?"

"Hadi sumu iingie kwenye damu. Haitachukua muda, baba. Na mwisho wake si mwepesi."

Sentensi hiyo alikuwa ameshaitumia kama kiboko. Sasa ilitoka bila mkono wa kuishika, ikatua kati yao, na baba yake akaitazama bila kukwepa.

Kwenye kioo mstari wa buluu ulikwisha. Oruna alibaki amelala vile vile, macho wazi, na gemu halikusema lolote. Lilisubiri nahodha aondoke akiwa tayari. Mzee Hiza alinyoosha mkono, akakisogeza kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe aliutazama mguu wake mbele ya mwanawe. Aliutazama kwa makini, kama kitu alichoazimwa na sasa kinatakiwa kurudishwa.

"Umesema vizuri," alisema. "Ila wa kwanza umeusema kwa kunibembeleza, na wa tatu umeusema kwa kuniogopesha. Nimesikia sauti yako, mistari sijaisikia. Nisomee tena. Usikaze popote."

"Halafu utaniambia?"

"Nisomee kwanza."

Dorkasi alizima kompyuta. Alikivuta kiti chake kutoka mezani, akakizungusha, akakaa upande uliokuwa na mguu, karibu kiasi kwamba goti lake liligusa kiti cha plastiki. Ilimchukua muda kuituliza sauti. Kisha akaanza na ule wa tatu.