Mrudishie Mzee Funguo Zake

Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, fundi cherehani alikuwa barazani kwake akishona sare za shule, kikopo cha pini kikamponyoka. Pini mia na kitu zikatawanyika sakafuni. Hakuinama. Alimwita binti yake, aliyekuwa ndani akifanya kazi ya shule, naye akatoka, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kukatia na kurudi, na pini zote zikainuka zikamganda miguuni, kuanzia vifundoni hadi magotini. Mama akazibandua moja moja, akazirudisha kikoponi, akaendelea na kola.

Hali hiyo ilianza baada ya chupa ya damu ya mia na themanini. Binti alizaliwa na thalasemia, ugonjwa ambao mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili, na mara nyingi wenyewe hawajui kuwa wanaubeba. Mwili wake haukuweza kutengeneza damu ya kumtosha, kwa hiyo kila wiki ya tatu aliongezewa ya watu wengine. Damu ya watu ina chuma, na chuma kikiingia kwa njia hiyo hakina mlango wa kutokea. Kinajikalia kwenye ini na moyoni kama mgeni asiyejua kuaga. Dawa ya kukitoa ipo. Asiyeipata moyo wake huchoka mapema, mara nyingi kabla hajamaliza shule. Baba yake alipoambiwa kwamba nusu ya ugonjwa ilitoka kwake, alisema anakwenda dukani kununua sigara, na mpaka leo ananunua.

Mtaa ukamwita Pini. Jirani akipoteza sindano au ufunguo, alikuja kumwazima kama watu wanavyoazimana ngazi. Seremala alimwomba apite karakana kila Jumamosi amwokotee misumari, na alikuwa mwungwana, hakukosa kusema asante. Mama yake alicheka na wenzake, kisha akirudi ndani aliogopa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, huyu Pini, na rangi ya ngozi yake ilikuwa imeanza kuwa ya majivu.

Daktari wa wodi ya watoto alimbonyeza tumbo, akalipata ini mbali na mahali pake.

"Huyu alitakiwa aanze dawa akiwa na miaka mitatu," alisema.

"Dawa mnazo, daktari?"

"Zimejaa kabati."

Zilikuwa boksi sitini na mbili, zimeletwa na wahisani, zimefungiwa kwenye kabati la chuma la kijani katika chumba cha dawa. Wahisani walileta na fomu. Kisanduku cha tisa cha fomu kilitaka namba, yaani kiasi cha chuma kilichomo mwilini kama kilivyosomwa na mashine. Mashine ilikuwepo, imefunikwa kitambaa safi. Kemikali zake ziliisha miaka miwili iliyopita, na waliokuwa wakileta kemikali ni wahisani wengine. Damu ya Pini ilikuwa imechukuliwa mwezi wa tatu ikapelekwa maabara kuu, safari ya siku mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa nane na jibu lilikuwa njiani.

Mtunza dawa aliitwa Mzee wa Fomu, na jina alilipenda. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya wapo, na dunia ingekuwa nafuu kama wao ndio wangekuwa wenye makosa yote, lakini huyu alikuwa mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na hakuwahi kuiba hata pamba. Fundi alimpeleka binti yake mbele ya kaunta yake. Kabla hawajasalimiana, kishada cha funguo kikamtoka mzee mkononi, kikaruka juu ya kaunta, kikamganda Pini kifuani, upande wa moyo.

"Mama," alisema Mzee wa Fomu, "naomba funguo zangu."

"Mzee wangu, umeona mwenyewe. Chuma hicho hakijatosha?"

"Nimeona. Lakini kwenye fomu hapakuandikwa nione. Hiyo ni tabia ya mtoto, mama, siyo namba. Namba inatoka maabara."

"Na jibu likichelewa?"

"Subira yavuta heri."

Ufunguo wa kabati ulikuwa mdogo, umefungwa uzi mwekundu. Kabati lilikuwa hatua mbili nyuma ya kaunta, na mlango wa kaunta ulikuwa wazi. Kwenye korido hapakuwa na mtu. Fundi aliutazama uzi mwekundu, akamtazama mzee, ambaye miaka yake ilikuwa ya baba yake mzazi na mkono wake bado ulikuwa umenyooshwa. Alikuwa amemlea Pini kwa kumwambia kila siku kwamba heshima si utumwa, na kwamba mtu mzima hasubirishwi akidai kilicho chake.

"Mrudishie mzee funguo zake," alisema.

Pini akazibandua, akazipeleka kwa mikono miwili. "Samahani, mzee."

"Mtoto ana adabu huyu," alisema Mzee wa Fomu, na alifurahi kweli.

Mwezi wa tisa miguu ya Pini ilivimba, akashindwa kupanda ngazi tatu za baraza. Alilazwa wodi ya watoto, kitanda cha nne. Masista walimtafutia kitanda cha mbao kwa sababu kwenye cha chuma hakuweza kujigeuza. Sindano ya damu haikuhitaji kutafutiwa mshipa, ilikwenda yenyewe. Moyo wake, daktari aliposikiliza, ulikuwa ukienda kama cherehani yenye uzi uliokwama, na fundi hakuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Asubuhi ya pili kabati la kijani lilikutwa limetoka ukutani, limeegemea kaunta. Wafagizi wakalirudisha. Asubuhi iliyofuata lilikuwa koridoni. Mkurugenzi akaitisha kikao. Walijadili kama kabati lifungwe ukutani kwa nati au mgonjwa ahamishiwe hospitali nyingine, na kwa kuwa hospitali nyingine haikuwepo, wakachagua nati. Nati ziling'oka pamoja na plasta. Baada ya siku nane kabati liliingia wodini, likapita kitanda cha kwanza, cha pili na cha tatu bila kumgusa mtu, likasimama ubavuni mwa Pini. Kikao cha pili kiliamua likae hapo lilipofika, ila lisifunguliwe.

Basi likakaa. Masista waliweka juu yake vikombe vyao vya chai. Fundi alitundika kanga yake kwenye mpini wake. Pini alilala mkono wake ukiwa umeganda kwenye mlango wa kabati, na usipotazama kwa makini ungedhani amelishika kwa kupenda.

Kila asubuhi Mzee wa Fomu alifika na fomu, akauliza kama jibu limekuja, akamletea Pini chungwa lililokwisha menywa. Funguo alikuwa sasa anaziacha kwa mlinzi, nje ya geti.

"Mzee, boksi moja tu," alisema fundi siku moja. Alikuwa amepiga magoti. "Nitakushonea nguo mpaka nife."

"Inuka, mama, utaniletea laana. Kila boksi linakaguliwa. Likikosekana moja bila namba, wanaliondoa kabati lote. Utakuwa umewaua wenzako."

"Wenzangu wangapi wamepata dawa toka kabati lije?"

Mzee wa Fomu alifikiri, kwa sababu hakuwa mwongo. "Bado," alisema.

Dawa zilikuwa na tarehe ya mwisho, ya thelathini mwezi wa kumi. Tarehe thelathini na moja, saa nne asubuhi, Mzee wa Fomu alikuja na funguo mikononi mwa watu wawili waliozishikilia kwa nguvu, akalifungua kabati mbele ya kitanda cha nne, akahesabu boksi sitini na mbili mbele ya mashahidi. Fomu ya kuteketeza haikuwa na kisanduku cha namba. Ilijazwa kwa dakika tano.

Zilichomwa nyuma ya jiko la hospitali, na moshi uliingia wodini kupitia madirisha.

"Mama, nini hicho kinanuka?" aliuliza Pini.

"Takataka, mwanangu."

Lilikuwa jambo la mwisho alilomdanganya. Pini alikufa siku tisa baadaye, baada ya chai ya asubuhi. Wachimba kaburi walilalamika kwamba majembe hayakutaka kutoka shimoni, wakayaacha humo humo na kufukia kwa mikono.

Jibu lilifika mwezi wa kwanza, likiwa na mhuri. Kiwango salama kilikuwa chini ya elfu moja. Cha Pini kilikuwa elfu kumi na moja mia nne na sitini. Barua ilisema mgonjwa anastahili dawa mara moja, na aje na mlezi wake.

Fundi aliichukua barua akaipeleka mwenyewe, hakujua kwa nini. Chumba cha dawa kilikuwa kimepigwa rangi. Kabati lilikuwa limerudi mahali pake, limejazwa boksi mpya, limewekewa matofali manne mbele, kwa sababu bado lilipenda kwenda upande wa makaburini. Mzee wa Fomu alisoma barua, akavua miwani, akalia kidogo. Kisha akaivaa, akatoa faili la Pini, akaandika namba kwenye kisanduku cha tisa kwa mwandiko mzuri.

"Sasa limekamilika," alisema.

Nyuma ya fundi alikuwa amesimama mwanamke mwenye mtoto wa kiume wa miaka kama sita, tumbo limejaa, uso wa majivu. Vijiko viwili vilikuwa vimemganda begani na hakuna aliyejishughulisha kuvitoa. Mzee wa Fomu alinyoosha mkono kupokea karatasi zao, na kishada cha funguo, pamoja na ule wa uzi mwekundu, kikaruka kikatua kifuani pa mtoto.

"Mrudishie mzee funguo zake," alisema mama wa mtoto.

Fundi aligeuka na kufungua mdomo. Lakini mtoto alikuwa amelelewa vizuri, alikuwa ameshazibandua, na alikuwa anazipeleka kwa mikono miwili.