Tutapishana Mlangoni

Haya alinisimulia Walburga mwenyewe, vuli iliyopita, tukiwa jikoni kwake tunatoa kokwa za plamu za kupikia jamu. Alisimulia polepole, mikono imegeuka zambarau hadi karibu na viwiko, na kila alipofika mahali pagumu alichukua plamu nyingine.

Mume wake aliitwa Korbinian, fundi wa kuchora maua kwenye makabati na masanduku ya maharusi. Wote wawili ni wazaliwa wa Hinterlahn, kile kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, lakini walihamia mjini Linz baada ya mtoto wao wa pekee, Veit, kuzama. Veit alikuwa na miaka kumi na tisa. Majira ya baridi yakiwa ukingoni, alivuka ziwa kwa viatu vya kutelezea, vile vyenye visu chini ya soli, kama wafanyavyo vijana wote wa pale, na barafu ikapasuka. Walimzika, wakafunga nyumba, wakaondoka. Korbinian akaapa kwamba lile ziwa hataliona tena likiwa limeganda.

"Likiwa maji sina ugomvi nalo," alikuwa akisema. "Tutakwenda kiangazi."

Basi kila mwaka, theluji ilipoanza kuchuruzika kutoka kwenye mapaa ya Linz, Korbinian alianza kupanga safari ya kiangazi. Alipanga kama mtu anayemwoza binti yake. Chumba kiwe cha juu, chenye roshani inayotazama maji. Boti wapande ya asubuhi, ile inayongojea treni ng'ambo ya ziwa, maana treni haifiki kijijini. Wakae mbele kabisa, wapigwe na upepo. Mchana wale samaki waliokaushwa kwa moshi, na jioni wasile kitu, watembee tu. Walburga naye alinunua kofia ya majani, akaijaribu mbele ya kioo. Kisha Agosti ilipokaribia, halikukosekana jambo. Rangi ya kabati la mtu haijakauka. Mgongo unauma. Watalii wamejaa mno mwaka huu, hapafai. Kofia ikarudi juu ya kabati.

Walburga hakuwahi kumsuta. Alijua kwamba mumewe anaweza kufika mpaka kwenye mipango, na hapo ndipo anapoishia.

"Mwaka huu je, Baba?" alimwuliza. Tangu Veit azaliwe walikuwa wakiitana Baba na Mama, na hata baadaye hawakuacha. Wangeitana nani tena?

"Mwaka huu tunakwenda," alisema Korbinian, akakohoa.

Kikohozi hicho kilikuwa kimemkaa kifuani tangu Krismasi. Alikwenda kwa daktari peke yake, akakataa kabisa kusindikizwa, na aliporudi mkewe akamwuliza daktari kasemaje.

"Kasema niache tumbaku. Nami nikamwambia aache zile ndevu, zinatisha wagonjwa."

Walburga akacheka, yakaishia hapo. Lakini mwaka huo mambo yalikwenda tofauti. Korbinian alipiga simu mwenyewe kuweka chumba, bila kusitasita, akataja siku ya kufika kijijini, akauliza maswali mengi kuhusu roshani: jua linaifikia saa ngapi, linakaa mpaka lini. Mama mwenye nyumba ya wageni lazima alidhani anaongea na mtu anayetaka kuanika nguo. Halafu, Kwaresima ilipoingia, akamwambia mkewe kwamba atamfundisha kuchora.

"Uzee wote huu?"

"Mikono haijazeeka. Umezeeka wewe tu. Kaa hapa."

Akamwekea yai mbele yake, na brashi nyembamba, na kisahani cha rangi ya kijani. Kwa kuwa Pasaka ilikuwa inakaribia na mayai lazima yapambwe, Walburga hakuuliza mengi. Alichoona ajabu ni kwamba Korbinian hakutaka jua, wala msalaba, wala kuku, wala chochote katika vile tunavyochora siku zote. Alitaka mtambaazi tu, ule mmea unaopanda kuta za kanisa. Majani yake yazunguke yai kama shada, yatoke upande huu yafike upande wa pili.

"Geuza yai, Mama, usigeuze mkono. Ukigeuza mkono jani linapinda."

"Limepinda tayari."

"Hili ni jani au sikio la mbwa?"

"Sikio la mbwa."

"La yule wa jirani, mwenye ukoko. Futa, anza tena."

Alianza tena. Jioni baada ya jioni alianza tena, mpaka kikapu kikajaa mayai ya kijani, na Pasaka ikaja ikapita, na Korbinian bado anamwekea yai jingine mezani. Majirani walipewa, wakashukuru, wakachoka kushukuru.

Simu ililia siku moja asubuhi baada ya Pasaka, Korbinian akiwa ametoka kununua mkate. Alikuwa Wastl, mchimba makaburi wa Hinterlahn. Wastl alisoma darasa moja na Veit, na sasa ni mtu mzima mwenye mvi, lakini kwa Walburga bado alikuwa yule mtoto aliyekuwa akimwita Mama Burgi na kuja kuomba mkate wa siagi.

"Mama Burgi! Habari za siku nyingi? Mzee yupo?"

"Kaenda kwa mwoka mikate. Siku hizi akienda ni kama kaenda Roma, utangoja sana. Una neno gani?"

"La kawaida tu. Mwambie lile kaburi nimeshalitazama, halina shida. Na kaniambia kichwa cha Veit nisikichore mimi, utakichora wewe. Sasa nilitaka kuuliza, ni mtambaazi au mwaloni? Nikuwekee rangi kabisa."

Mtu wa Hinterlahn hahitaji kufafanuliwa swali hilo. Kiwanja cha makaburi kiko kati ya kanisa na mwamba, kidogo kama kitanda cha mboga, na kila ukoo una shimo lake moja. Halifunguliwi kwa ajili ya kutazama. Linafunguliwa anapofika mtu mwingine wa kulala humo. Hapo aliyekuwamo hutolewa, fuvu lake likaoshwa, likawekwa juani mpaka liwe jeupe kama shuka, likachorwa majani na jina, na kupelekwa kwenye nyumba ya mifupa, rafu moja na babu na bibi zake. Kumwuliza mama ni majani gani anataka kwa mtoto wake ni kumwambia kwamba kuna mtu anakuja kuingia.

Walburga alitazama kikapu cha mayai. Alitazama mviringo wa kila yai, na majani yanavyozunguka kutoka upande huu hadi upande wa pili, mahali ambapo pangekuwa na masikio.

"Mama Burgi? Upo?"

"Nipo. Ni mtambaazi, Wastl."

Korbinian aliporudi alisimama mlangoni kwanza, ameshika fremu, anatafuta pumzi. Walburga akapokea mkate.

"Wastl kapiga simu."

Mzee akakaa. Hakuvua hata koti. "Yule mdomo wake," alisema, "hata awe ndani ya shimo haufungiki."

"Ungeniambia lini, Baba? Nikiwa nakunja nguo zetu za safari?"

"Ulikuwa unafurahi. Umeishusha kofia."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nisipange mambo ya mbali." "Mimi nilitaka nimchore mwenyewe, Mama. Miaka yote hii, kila kabati ninalolichora, nasema hapa najizoeza tu. Siku moja watanipa kichwa chake mkononi na mkono wangu hautatetemeka. Lakini haiwezekani. Yeye hatoki mpaka mimi niingie. Tutapishana mlangoni, na hakuna atakayemwona mwenzake."

Walburga alichukua kisu akakata mkate, vipande vingi kuliko watakavyokula wawili. Hakulia. Alipomaliza kuukata wote, alisema:

"Agosti ni mbali. Tunakwenda Juni, siku ya maandamano ya boti. Utakwenda kwa miguu yako. Kama kichwa chake hutakishika, basi lile jiwe la kaburi lake utalishika. Mimi sitakupeleka Hinterlahn ukiwa umelala tu, Baba, bila ya wewe kupaona. Sitaki."

"Daktari hatakubali."

"Daktari aache ndevu."

Korbinian akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Tangu siku hiyo Walburga alikuwa na neno moja tu moyoni: avuke. Avuke lile ziwa akiwa hai, hata kwa mchana mmoja. Alimpikia supu za mifupa, alimfanya atembee ngazini, alimfungia kifua kwa kitambaa chenye mafuta ya nguruwe kama alivyofanya mama yake. Na Juni walikwenda. Treni ikawashusha kwenye kile kituo kidogo, wakateremka njia ya mawe mpaka gatini, na ng'ambo ya maji Hinterlahn yote ikawa mbele yao, nyumba juu ya nyumba, na kanisa, na mwamba nyuma yake. Ziwa lilikuwa limejaa boti zilizofungwa matawi mabichi. Padri alikuwa kwenye moja, bendi kwenye nyingine, na tarumbeta zilisikika kwa kuchelewa, kana kwamba maji yanazifikiria kwanza.

Boti ya abiria ikaja. Korbinian akasimama, akafika kwenye ubao wa kupandia, akaweka mguu mmoja. Akasimama hapo.

"Vipi, mzee," nahodha akamwita kwa utani, "unapanda, au unalinunua ziwa?"

"Nalikagua kwanza," alisema Korbinian. Akautoa mguu. "Nenda. Tutapanda ijayo."

Walipanga kupanda ijayo. Ikaja, ikaondoka. Ikaja nyingine, na safari hii nahodha hakutania, alingoja tu kofia mkononi, kisha akaondoka.

"Mguu umekataa, Mama," alisema Korbinian.

"Umekataa miaka yote. Leo uambie."

"Vile viatu nilimnolea mimi. Jioni ya kuamkia siku ile, pale kwenye kiti cha karakana. Nilinoa vizuri, Mama. Vilikuwa vinakata unywele." Akatazama maji. "Vingekuwa butu asingefika mbali."

Hilo alikuwa hajawahi kulisema. Walburga alimshika mkono, akajua kwamba hawatavuka.

Wakakaa kwenye benchi la gatini mchana kutwa, wakala mkate na soseji, wakisikiliza bendi. Hasira ilimpanda Walburga, ikashuka, ikabaki kama uchovu. Kabla hawajaondoka, Korbinian alinyoosha kidole.

"Unaiona roshani ile? Nyumba ya tatu kutoka kanisani, yenye maua mekundu. Ndicho chumba chetu. Jua linaipiga kuanzia mchana hadi jioni. Mweke pale, lakini asianguke. Na ukichora, geuza kichwa, usigeuze mkono."

Akafa Julai, nyumbani Linz, asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Na Agosti, siku ileile aliyoiweka mwenyewe, Walburga alivaa kofia yake ya majani, akaifunga utepe mweusi, akapanda boti ya asubuhi. Jeneza liliwekwa mbele kabisa, kwenye upepo. Katikati ya ziwa nahodha alizima injini, kama inavyofanywa kwa mtu wa pale, na boti ikaelea kimya mpaka kengele ya kanisa ikaanza kulia.

Kaburi lilikuwa tayari. Baada ya mazishi, watu walipokwenda kunywa supu, Wastl alimwita kando, akampa kitu kilichofungwa kitambaa cheupe. Alikuwa amejiandaa kusema maneno, akaishia kusema, "Mtazame meno, mama."

Jino la mbele lilikuwa limemeguka. Veit alilivunja akiwa mdogo, alipoambiwa asiume mpini wa sleji, kile kigari cha kutelezea thelujini, akauuma, na Korbinian aliyepaswa kumgombeza alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji. Walburga alilipitisha kidole, na hapo kwenye lango la makaburi, akiwa na mume upande mmoja na mtoto mikononi, ndipo alipolia.

Alimwosha kwa maji ya chemchemi, akamweka kwenye roshani, juu ya mto, asianguke. Mwenye nyumba alitundika shuka pembeni kwa ajili ya wageni wa chumba cha pili.

"Wakiuliza ni nini hicho, nitawajibuje?"

"Waambie naanika mtoto," alisema Walburga.

Akakaa naye kiangazi chote kilichobaki. Asubuhi walikuwa kivulini, mchana jua liliwafikia, kama alivyosema Korbinian. Alimweleza habari za Linz, na makabati, na mbwa wa jirani. Mfupa ukawa mweupe.

Siku ya kuchora Wastl alileta rangi, akaondoka, akisema atamchukua kesho. Walburga alimweka mapajani. Aliandika jina kwenye paji la uso kwa rangi nyeusi, kisha akaanza majani. Aligeuza kichwa, hakugeuza mkono. Mtambaazi ukatoka upande huu, ukapita juu ya jina, ukateremka upande wa pili, na jani la mwisho, karibu na pale palipokuwa sikio, likapinda.

Kitambaa cha kufutia kilikuwa karibu. Alikichukua, akalitazama lile jani. Sikio la mbwa, lile lile, la mwenye ukoko.

"Ungelifuta, Baba," alisema. "Mimi nitamwachia. Ajue ni mkono wa nani."

Akaweka kitambaa chini, na brashi kwenye bilauri ya maji. Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo alimrudisha juu ya mto akasogeza kiti karibu ili inzi wasimguse. Jua lilikuwa limeshaondoka juu ya maji, limebaki kileleni mwa mlima tu. Boti ya mwisho ilipita kuelekea gatini. Walburga alivua kofia akaiweka magotini, akasema atapumzisha macho kidogo mpaka majani yakauke, na hapo hapo kwenye kiti, uso ukimwelekea mwanawe, akalala.