Daraja la Delbert Stroud

Asubuhi ya uchaguzi wa mwaka 1954, Orpha Stroud aliwasha jiko la kuni, akaweka birika la kahawa motoni, kisha akafuta mvuke kwenye kioo cha dirisha ili aone kama daraja limeshafika. Lilikuwa limefika. Safari hii lilikuwa la zege, lenye njia mbili za magari na taa kila upande, maana kaka yake Delbert alikuwa anagombea useneta wa jimbo, na mtu anayetaka useneta haahidi daraja la mbao.

"Limekuja?" mama yake akauliza kutoka chumbani.

"Limekuja, Mama. La zege."

"Lina ukingo?"

"Linao. Unafika kifuani."

"Haya. Nitafutie viatu vyangu vya kanisani."

Hapo Ng'ambo, kijiji kilichotengwa na mji wa Tolliver kwa mto, watu walikuwa wameshaamka zamani. Familia ya Pruitt walikuwa wanapakia kinanda chao juu ya gari la mizigo wakakirekebishe mjini. Bibi Hester Cobb alikuwa amejifunga kitambaa shavuni, akiwahi foleni ya mng'oa meno. Kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wamevaa nguo za harusi tangu alfajiri, kwa kuwa ofisi ya kufungisha ndoa ilikuwa upande wa pili na wazazi wa bibi harusi hawakutaka gauni lilowe maji ya mashua. Wote walijua kwamba vituo vya kura hufungwa saa moja jioni, na kwamba daraja huondoka muda huohuo.

Ilianza kidogo kidogo. Mwaka 1938, Delbert akiwa kijana muuza mbegu, aligombea udiwani wa mji wa Tolliver akaahidi kivuko cha mbao cha waendao kwa miguu. Asubuhi ya uchaguzi kivuko kilikuwepo juu ya mto, kinanukia msonobari mbichi. Watu wa Ng'ambo walivuka wakapiga kura, wakanunua chumvi na nyuzi, wakarudi. Usiku ukaingia, mto ukabaki mtupu kama jana yake. Hakuna aliyelalamika sana. Kivuko cha siku moja kilikuwa kivuko zaidi ya walichowahi kupewa na diwani mwingine yeyote.

Alipogombea halmashauri ya kaunti, lilikuja daraja la chuma, na magari yakapita. Baada ya ushindi huo Delbert aliiuza pantoni ya kaunti, akisema haina kazi tena kwa kuwa daraja liko njiani. Alipoingia bunge la jimbo, daraja likapakwa rangi na kuwekewa kibao chenye jina lake. Bungeni alikuwa anachaguliwa kila baada ya miaka miwili. Useneta ulikuwa wa miaka minne. Kwa hiyo kadiri kaka yake alivyopanda cheo, Orpha aliona, daraja lilizidi kuwa zuri na kuzidi kuwa adimu.

Mama Stroud alikuwa na jambo moja tu upande wa pili, nalo ni kaburi la mumewe. Ng'ambo hapazikwi mtu. Ukichimba futi mbili unakuta maji. Wafu wote wa pande zote mbili walilala kilimani Tolliver. Mzee Stroud alizama akivuka kwa mashua ya makasia, Delbert akiwa bado anasoma, na tangu siku hiyo hakuna wa ukoo huo aliyekanyaga mashua. Ndiyo sababu siku za uchaguzi Mama Stroud alivaa viatu vya kanisani, akashikwa mkono na Orpha, akavuka, akapiga kura, akapanda kilima, akakaa kaburini mpaka jua lilipoinama.

Siku hiyo ya 1954 Delbert aliwakuta hukohuko kilimani. Alikuwa amenenepa, amevaa kofia mpya, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa kusalimia watu. Alimbusu mama yake. Orpha akamvuta pembeni kidogo.

"Kaka, wanasema ukishinda utapewa kamati ya barabara."

"Wameshanihakikishia."

"Basi hili si ungelijenga likabaki?"

Delbert aliangalia chini mtoni, ambako gari la Pruitt lilikuwa linarudi na kinanda chake. Hakuonekana kukasirika. Alijibu kama mtu anayeeleza bei ya mbegu.

"Likishajengwa, Orpha, nani atalipigia kura?"

"Sisi."

"Nyinyi mtalipita. Kulipita na kulipigia kura ni mambo mawili."

Alishinda. Akapewa kamati. Kamati ikajenga barabara pana kuzunguka makao makuu ya jimbo, ambako watu walikuwa wengi na magazeti yalikuwa matatu. Picha yake akikata utepe ilitoka ukurasa wa mbele. Mama yake aliikata akaibandika juu ya jiko.

Mwezi Oktoba mwaka 1958 mvua ilinyesha mpaka mto ukapanda kwenye mashamba ya mahindi. Barabara ya kuzungukia Millard, njia pekee ya nchi kavu ya kufika Tolliver, ambayo hata wakati wa kiangazi ilikula nusu siku, ilimezwa na maji. Mama Stroud akashikwa na kichomi. Orpha alivaa buti za marehemu baba yake akaenda dukani kwa Enos Pruitt, kwenye simu pekee ya Ng'ambo, akampigia kwanza daktari wa Tolliver. Daktari alisema kwa upole kwamba ana watoto wadogo na hatapanda mashua katika mto ule. Ndipo Orpha akampigia kaka yake.

"Mama anaumwa kifua," alisema. "Daktari hawezi kuvuka."

"Mpe chai ya moto. Uchaguzi umekaribia."

"Hatafika. Huwezi kuitisha uchaguzi mdogo?"

Delbert alikuwa anafikiri. Hakulichukulia swali kuwa la kijinga.

"Uchaguzi mdogo hauitishwi mpaka mtu afe," alisema.

"Kuna mtu anakufa huku."

"Mtu mwenye kiti, Orpha."

Enos Pruitt, aliyekuwa anapima misumari kwenye kaunta, aliendelea kupima misumari. Orpha alirudisha mkono wa simu mahali pake, akanunua sukari kidogo, akarudi nyumbani.

Mama Stroud alifariki Alhamisi mchana, wakati Orpha anamkorogea uji. Kabla ya hapo alikuwa na akili zake timamu na alitoa maagizo. Azikwe na gauni la kijivu. Kuku wapewe Hester Cobb.

"Na msinipitishe kwenye mashua," alisema. "Nitasubiri daraja la Delbert."

"Mama, ni siku nyingi."

"Nimeshazoea."

Wakamweka kwenye stoo ya barafu ya Pruitt, kati ya mapande ya barafu yaliyofunikwa maranda. Kila asubuhi Orpha alipeleka kiti, akakaa naye akifuma soksi, kisha akarudi kupika maharage ambayo hakuyala. Watu walipita kumpa pole. Wengine waliuliza kama msafara wa mazishi utaondoka mapema, maana walikuwa na ng'ombe wa kuvusha na hawakutaka kuchanganya misafara.

Mpinzani wa Delbert mwaka huo alikuwa Lyle Voss, muuza matrekta, mtu mnyoofu. Aliahidi kupunguza kodi. Watu wa Ng'ambo walimsikiliza redioni na kumwona ana hoja, ila kodi nafuu haikanyagiki. Naye Delbert alikuwa amesema wazi katika mikutano yote kwamba akishindwa hatagombea tena chochote.

Siku ya uchaguzi daraja lilikuwa pana kuliko yote yaliyotangulia. Lilikuwa na njia ya waendao kwa miguu, na taa zake ziliwaka mchana. Jeneza lilipanda gari la Pruitt, Orpha akatembea nyuma yake, na nyuma yake Ng'ambo nzima, kisha ng'ombe. Delbert aliwapokea katikati ya daraja akiwa amevaa suti nyeusi. Alilia. Machozi yalikuwa ya kweli. Orpha alimjua tangu utotoni na aliweza kutofautisha. Delbert akashika ubavu wa gari kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauacha huru, kwa sababu watu walikuwa wamejipanga ukingoni kumpa pole naye hakutaka kumpita mtu.

Walimzika mama kando ya mumewe. Mchungaji alifupisha sala kwa ajili ya waliokuwa bado hawajapiga kura.

"Lala kwangu leo," Delbert alimwambia dada yake walipokuwa wanashuka kilima. "Kule umebaki na nani?"

"Nina nyumba kule."

"Orpha, ungesema neno basi. Hata la kunitukana."

Orpha aliona koti la kaka yake liko wazi kifuani.

"Funga koti," alisema. "Kuna baridi."

Foleni ya kura ilikuwa ndefu. Mbele yake Hester Cobb alikuwa anawaambia watu bei ya meno ya bandia. Zamu ya Orpha ilipofika alichukua karatasi, akaingia kwenye kibanda, akavuta pazia. Majina yalikuwa mawili. Alisoma la Lyle Voss mpaka mwisho, herufi kwa herufi, akafikiria kilima, na udongo mbichi ambao ungetaka kupandwa nyasi, na mtu wa kuja kuuangalia, na mwaka 1962.

Akampigia kura kaka yake. Alikunja karatasi, akaitumbukiza kisandukuni, akawaaga waliokuwepo, akaanza kuvuka haraka haraka, maana saa moja ilikuwa inakaribia.