Jirani Aliyekanwa kwa Wema

Sisi Waingereza tuliohamia vilima vya Marche, huko Italia, tuna ugonjwa mmoja. Kila mmoja wetu anaamini kwamba Waingereza wengine wote ni wageni, ila yeye peke yake ndiye mwenyeji. Pita sokoni siku ya mnada utatusikia tunavyowasengenya wenzetu wasiojua Kitaliano, na tunawasengenya kwa Kiingereza. Desmond Pargeter alikuwa na ugonjwa huu kwa kiwango cha kulazwa.

Alikuwa amestaafu kazi ya kuuza mazulia huko Huddersfield. Mkewe alikwisha kuondoka zamani na daktari wa meno, basi Desmond akanunua nyumba ya mawe katika kitongoji cha Fontescura, chini kidogo ya mji wa Montebrogno, na akakaa hapo miaka mitatu na ushei. Alijifunza kunywa kahawa akiwa amesimama. Alijifunza kutoagiza kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana. Akanunua kofia ya sufu kama za wazee wa pale, na siku ile ile akajihesabu mtu wa pale. Kwenye simu aliwaambia jamaa zake kwamba kitongoji kizima kinampenda, na kwamba jirani yake, Mama Fosca, mjane mwenye kuku na ulimi, amekuwa kwake kama dada.

Jambo moja tu hakulifanya, nalo ni kwenda manispaa kujiandikisha kuwa mkaazi. Kujiandikisha, alisema, ni kwa wageni. Halafu nchi yake ikawa inatoka Umoja wa Ulaya mwisho wa Januari, na Desmond akashtuka kana kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyemnong'oneza. Wakati ule hakuna aliyejua vizuri kitakachofuata. Alivyoelewa yeye ni kwamba aliyeandikishwa kabla ya siku hiyo atakaa, na asiyeandikishwa atakuwa mtalii: miezi mitatu ndani, miezi mitatu nje. Nje wapi sasa? Huddersfield hakuacha hata banda. Nyumba aliuza, gari aliuza, mpaka zulia la sebuleni aliuza, na kwa bei ya kutupa.

Karani wa manispaa, mwanamke mpole mwenye mafua, alimweleza kwamba utaratibu ni mwepesi. Siku yoyote, bila taarifa, askari wa manispaa atapita kuhakikisha kwamba mwombaji anaishi kweli pale anaposema. Asipomkuta, atawauliza majirani. Desmond alitoka ofisini akijichekea. Wawaulize tu, alijisemea, watachoshwa na hadithi zangu.

Askari, mtu mrefu wa makamo anayeitwa Gualtiero, alifika asubuhi ambayo Desmond alikwenda kubadilisha mtungi wa gesi. Alibisha hodi wee, hola. Akawauliza majirani. Mama Fosca alimwambia nyumba hiyo haina mtu tangu mwenyewe wa zamani alipofariki. Mzee wa nyumba ya juu alisema hajawahi kumwona Mwingereza tangu azaliwe. Kwenye baa ya Nazzareno, ambako Desmond alikuwa na kona yake na bilauri yake, wacheza karata wote walitikisa vichwa, na Nazzareno mwenyewe akauliza kwa upole kama hiyo Pargeter ni dawa ya kupulizia mizabibu.

Karani alimpigia Desmond simu jioni hiyo, akipenga kamasi. Askari amesema hakuna anayemjua. Atarudi mara moja tu kabla mwezi haujaisha, na majirani wakisema yale yale, ombi litakataliwa.

Desmond alishuka baa mashavu yamemwiva. Kabla hajafungua kinywa, Nazzareno alimsogezea kahawa na kumkonyeza.

"Tulia, mzee," alisema. "Alikuja. Hatukutoa hata neno."

Ndipo Desmond alipokumbuka. Mwaka ule wa kwanza, siku moja ya mvua, wanaume wa baa walimuuliza kwa nini mtu wa umri wake aliacha kwao. Jibu la kweli lilikuwa upweke, nalo lilihitaji Kitaliano kingi kuliko alichokuwa nacho. Basi akatania kama tunavyotania sisi, uso mkavu, sauti ya mazishini. Alisema watu wa kodi wanamtafuta Uingereza nzima, kwa hiyo askari akija, jamani, hamnijui. Kwetu sisi mtu asipocheka ndiyo dalili kwamba anatania. Kwao anayetania hucheka. Baa nzima ilinyamaza siku ile, na Desmond, mjinga wa Mungu, alirudi nyumbani akijisifu kwamba hatimaye amewapata watu wanaoelewa mzaha wake.

Angewaambia ameua mtu, wangemwogopa. Kukimbia kodi kulimpa heshima. Zile bilauri za mvinyo walizokuwa wakimnunulia, ambazo yeye alizichukua kuwa ni mapenzi, zilikuwa pole kwa mkimbizi.

Alijitahidi kuwaeleza kwamba ulikuwa mzaha. Nazzareno akaitikia kwa kichwa, bila shaka, mzaha, na akamkonyeza tena. Desmond akaapa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumhurumia, na mmoja wa wacheza karata alimnong'oneza mwenzake kwamba maskini, inaelekea wamekwisha kumbana. Akawaomba kwa jina la Mungu wamwambie askari kwamba wanamjua. Wakamshika mkono mmoja mmoja na kumwahidi kwamba hata wakikatwa vidole hawatasema. Hajawahi kuungwa mkono namna ile maishani mwake, na hajawahi kuharibikiwa namna ile.

Kwa Mama Fosca mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alimkuta bandani kwa kuku, akamwomba aseme ukweli kwa askari. Yule mama alimjibu kwamba ukoo wake haujawahi kumuuza mtu kwa askari, hata wakati wa vita, walipokuja Wajerumani na bunduki. Desmond akaona kwamba akiendelea kusisitiza atakuwa anawatukana mpaka marehemu. Aliomba radhi akarudi kwake.

Tangu hapo hakutoka. Aliogopa kwenda kununua hata mkate, asije akapishana na askari njiani. Alikula maharage ya kopo aliyoyaleta kutoka Uingereza, yeye aliyekuwa akiwacheka Waingereza wenzake kwa kula maharage ya kopo. Alikaa dirishani akitazama barabara, na tuseme wazi, alikuwa na hofu. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na nyumba hii ndiyo pekee aliyobaki nayo.

Gualtiero alikuja alasiri moja ya baridi kali. Desmond alifungua mlango kabla hajabisha. Askari akamsalimu vizuri, akasema amefurahi kumkuta, lakini kuwepo si kuishi. Hata wenye nyumba za likizo hufungua milango yao. Kwa vile ile taarifa ya kwanza ilikwenda vibaya, anahitaji angalau mtu mmoja wa hapa wa kusema kwamba huyu bwana anaishi hapa. Akageuka kutafuta mtu. Mtu alikuwa mmoja tu, Mama Fosca, upande wa pili wa uzio, na bakuli la mahindi mkononi, akiwalisha kuku polepole kuliko kawaida.

"Mama," Gualtiero alimwita, "unamfahamu huyu bwana?"

Fosca alimtazama Desmond kuanzia kofia mpaka viatu. "Simjui."

"Mama Fosca, nakuomba," Desmond alisema.

"Labda kapotea njia, afande. Hawa watalii hupotea sana."

Gualtiero akaanza kuandika. Desmond aliuona ule mkono unavyokwenda, akaona anarudishwa kwao kwa kipande cha karatasi, na akili yote ikamtoka. Akasema lile alilokuwa akilisema kwenye simu kila Jumapili.

"Afande, huyu mama ni rafiki yangu mkubwa kuliko wote duniani. Tumeishi miaka mitatu kama ndugu. Kama mtu na dada yake."

Fosca aliweka bakuli chini. Kuku wakalivamia, hakuwajali.

"Ndugu?" alisema. "Mimi na wewe ndugu?"

Akaja mpaka kwenye uzio, akamwambia askari aandike, na aandike yote. Akaanza na mashine ya kukatia majani, ambayo huyu bwana huiwasha saa ya mchana, wakati kila mwenye akili amelala. Akaja kwenye madirisha, ambayo huyu bwana huyafungua yote wazi kwenye jua la Agosti, akaliingiza joto nyumbani, kisha akakaa nje akilalamika joto. Akaja kwenye kuni mbichi anazochoma siku ambayo mashuka ya watu yako kambani. Kila alipomaliza moja, Gualtiero alimgeukia Desmond na kumuuliza kama ni kweli, na kila mara Desmond akajibu kuwa ni kweli, kwanza kwa furaha, halafu kwa sauti inayozidi kupungua. Alikuwa anaokolewa, na alitamani ardhi ipasuke.

"Nimempelekea sungura wa kuoka," Fosca aliendelea. "Nimempelekea tambi za oveni, mamung'unya, mayai. Ananipokelea mlangoni, kaujaza mlango hivi, asante mama, asante mama. Kesho yake bakuli linarudi limeoshwa, linang'aa, halina kitu. Tupu, afande."

Gualtiero aliinua kalamu. "Tupu?"

"Nililiosha vizuri," Desmond alisema.

Askari alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha chuki kidogo. Akaandika.

"Na paka," Fosca alisema, na hapa sauti yake ikashuka. "Paka wake kampa jina Duilio. Kila jioni anasimama pale anaita, Duilio, njoo ule, Duilio. Mume wangu aliitwa Duilio. Mimi huku jikoni nasikia mume wangu anaitwa akale, na mpaka leo nageuka."

Jina lile Desmond alilisoma kwenye chupa ya mafuta, akaona linapendeza. "Sikujua," alisema.

"Utajua wapi? Umewahi kuniuliza?"

Gualtiero alifunga jalada lake. Alisema hayo yanatosha, hakuna mtu anayeweza kuudhi kiasi hicho kwa kuja likizo. Ilibaki kuangalia ndani kidogo, kama utaratibu unavyotaka, na mama aje atie sahihi kama shahidi. Fosca akasema hakuitwa na mwenye nyumba. Askari akasema anaitwa na yeye. Basi akazunguka uzio, akapangusa viatu kizingitini kwa muda mrefu, akaingia.

Jikoni kulikuwa na meza nzuri ya mbao na kiti kimoja. Gualtiero alikikalia ili aandike, na hapo kiti kikawa hakipo tena. Desmond alisimama kando ya jiko, Fosca akasimama kando ya meza. Yule mama akatazama: kikombe kimoja kwenye msumari, sahani moja kwenye kichanja, uma mmoja. Desmond alikuwa amekinunua kile kiti kimoja kwa makusudi, hesabu za muuza mazulia, mtu mmoja kiti kimoja, na kwa miaka yote ile hakuona kasoro yoyote. Sasa alikuona jikoni kwake kwa macho ya yule mama, na aibu iliyomshika haikuwa ile ya uani. Ile ilikuwa ya kuchekesha.

Fosca alitia sahihi amesimama. Akatoka bila kuaga.

Gualtiero aliandika kwamba mwombaji anaishi hapa, akauma kalamu, akasema hongera bila kumtazama. Desmond alishukuru. Kitu alichokuwa akikitetemekea mwezi mzima kilikuwa mezani kimeandikwa kwa wino, na yeye alikuwa akikitazama kikombe chake pale kwenye msumari, akitamani angalau vingekuwa viwili.

Mlango ulisukumwa. Fosca alikuwa kizingitini, amebeba ubavuni kiti chenye kikalio cha majani yaliyosukwa, kimechakaa miguu.

"Hiki cha Duilio," alisema. "Yule mtu, si paka."

Desmond alinyoosha mikono kukipokea. Yule mama hakumpa, wala hakuingia.

"Ile mara ya kwanza niliingia kwa ajili ya askari," alimwambia. "Sasa nikaribishe."

Desmond alisogea kando ya mlango, akamkaribisha, na Kitaliano chake kikamkwama katikati, ikabidi arudie tena.