Samli Kwenye Bawa

Tu, tu, tu. Jepchumba aligonga bawa la ndege kwa ukucha, akiwa ametega sikio, kama agongavyo kibuyu cha maziwa kabla ya kukinunua. Sauti ilikuwa kavu, imara. Karibu na ncha ikabadilika. Bu.

Kibuyu kilichopasuka kwa ndani husema hivyo.

Nje ya banda, pale Lanet, rubani alikuwa ameshavaa kofia. Ngano ya Njoro ilingoja kunyunyiziwa dawa kutoka angani. Ncha ya bawa ilivunjwa na mti, na fundi Odero akaiunda upya kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikilowekwa gundi inayokauka ikawa ngumu kama pembe. Tabaka ya mwisho aliilaza Jepchumba jana asubuhi. Aliajiriwa mwezi huo tu, kwa sababu ya mkono wake mwepesi wa kushona.

Akaitazama mikono yake. Jana alimpaka mtoto wake Kiplangat samli, akaona amechelewa kazini, akafuta viganja kwenye leso na kukimbia.

Akisema ukweli, huenda kesho hana kazi. Na mtoto je? Akamtazama rubani, anavyofunga mkanda wa kofia huku akipiga mluzi.

"Fundi! Isiruke."

"Mama Kiplangat, siku hizi wewe ndiye rubani?"

"Gonga hapa."

Odero akagonga. Kicheko kikamkauka.

"Ni mimi," Jepchumba alisema. "Mikono ilikuwa na samli. Gundi haikushika."

Odero akapenyeza ncha ya kisu. Tabaka ikabanduka kama ganda la kitunguu. Rubani akaja, akaona, akavua kofia polepole.

"Nani nasikia hii?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Mwenye kosa mwenyewe, Bwana," Odero akajibu.

Rubani akamgeukia Jepchumba. "Basi, kesho. Na yeye gonga yote kwanza."

Jepchumba alinawa kwa sabuni na majivu hadi viwiko, wakairudia kazi. Kesho yake mtoto alibaki kwa jirani bila kupakwa samli, ngozi yake kavu, amenuna.

Jioni Jepchumba alimpakata mlangoni, akafungua kikopo cha samli. Alianza na vidole vya miguu, kimoja kimoja, leo bila haraka. Mngurumo ukatokea upande wa Njoro. Mkono wake ukasimama. Ndege ikapita juu ya mabati, bawa limenyooka.

"Asante kwa kunivumilia," akamwambia mtoto.

Mtoto akamwekea kiganja shavuni, kinateleza kwa mafuta.