Guruguru wa Kipupwe

Tangu alfajiri Jadaan alikuwa akichimba mashimo, na alichoambulia ni mafua tu. Kipupwe cha jangwa la Summani hakina adabu: hupenya hata joho la ngozi ya kondoo, kikakupapasa pasipopapaswa. Wenye akili walikuwa mahemani mwao. Jadaan alikuwa na mapenzi.

Chanzo ni ulimi wa Mzee Nahar, baba yake Wadha. Jadaan alipokwenda kuposa, mzee alimcheka mbele ya wageni, akasema binti atampata siku guruguru atakapoota moto na yeye mzee katikati ya baridi. Kila mtoto wa jangwani anajua kuwa msimu huo guruguru amejifukia, kalala fofofo. Wageni wakacheka mpaka wakapaliwa. Jadaan hakucheka. Ahadi ni deni, hata ikitolewa kwa kejeli.

Guruguru ni mbumbumbu wa njia. Huchimba karibu na jiwe ili asipotee akirudi kwake. Basi Jadaan akafuata mawe, moja baada ya jingine, akimlaani mkwe asiyekuwa mkwe bado. Jioni ikikaribia alifukua tundu lenye nge mlangoni, nge ambaye baridi imemmaliza hata hasira hana. Jadaan akamsogeza kwa kijiti, akazamisha mkono hadi begani, akagusa mkia wa miiba. Alitaka kulia kwa furaha.

Magharibi ilimkuta hemani kwa Mzee Nahar. Akamlaza guruguru kando ya moto. Akapokea kahawa, akakiweka kikombe chini bila kuionja, kama afanyavyo mgeni mwenye haja. Haionji mpaka haja yake ikubaliwe; isiponywewa, aibu ni ya mwenyeji.

"Hii ni maiti," mzee akasema. "Nilisema kuota moto, sikusema mazishi."

"Mwache apate joto, ami."

Mzee akamchokoa guruguru mdomoni kwa kidole, wenzake waliokaa naye waone. Guruguru akafumbua jicho moja, akakibana kile kidole. Na akibana, haachii. Wakamvuta, wakammwagia maji, wakamsomea dua. Mzee alitukana ukoo mzima wa watambaao. Nyuma ya pazia wanawake walicheka, na kicheko cha Wadha kilikuwa juu ya vyote.

"Mtoe mnyama wako, mbwa wewe."

"Anaota moto nawe, ami. Na kahawa yangu inapoa."

Mzee akakitazama kidole, akakitazama kikombe.

"Kunywa kahawa yako," akasema.

Jadaan akainywa taratibu mpaka tone la mwisho, akanyoosha kikombe aongezwe.